Tupeane uzoefu: Mchezo wa poka umekufundisha nini kuhusu kazi na maisha?

Muuza Asali, Tabora (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salaam. Naomba tupeane uzoefu juu ya mchezo wa karata uitwao poka, kwa sababu umenisaidia sana katika biashara yangu ya asali. Niseme mapema kwamba sizungumzii kamari ya fedha. Sisi hucheza jioni barazani na dau letu ni kete za bao, zile komwe 64; anayeishiwa kete anasubiri mchezo unaofuata.

Kwa wasioufahamu, aina inayochezwa zaidi duniani ni Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata mbili anazozitazama peke yake, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa wote: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Kabla ya kufunua na baada ya kila ufunuo, kila mmoja kwa zamu yake huamua kama ataongeza dau, atalipa sawa na wenzake, au atalaza karata na kujitoa. Mwisho, kati ya waliobaki, mwenye karata tano bora, akichanganya zake na za mezani, hutwaa dau lote; wengine wote wakijitoa mapema, aliyebaki hulichukua.

Karata bora kabisa za kuanzia ni ree mbili, na katika karata 52 uwezekano wa kuzipata ni mara 1 katika 221. Ukiwa nazo, na mpinzani wako ni mmoja mwenye karata zozote, utamshinda takriban mara 85 katika 100. Maana yake ni kwamba zile mara 15 utashindwa ilhali umecheza vizuri kabisa. Hapo ndipo nilipojifunza kutenganisha uamuzi na matokeo yake.

Msimu mmoja nilikataa kununua asali ya mrina mmoja aliyekuwa akivuna kabla nyuki hawajafunika masega kwa nta. Asali ya namna hiyo huwa na maji mengi na huchacha upesi, ilhali kiwango kinachokubalika kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20. Mfanyabiashara mwenzangu akaichukua, akaiuza wiki hiyohiyo kwa mnunuzi asiyekagua, akapata faida nzuri, na nyumbani nikalaumiwa kwamba nimeacha riziki ipite. Nilisikitika, lakini sikuona sababu ya kujilaumu. Kwa yale niliyoyajua siku ile uamuzi ulikuwa sahihi, na nikiletewa asali kama ile kesho nitaikataa tena. Watu wengi wenye bidii katika mji wetu huacha njia nzuri kwa sababu iliwaangusha mara moja, na wengine hushikilia njia mbovu kwa sababu iliwapa faida mara moja. Naomba mtueleze, mezani mmejifunza nini mkakipeleka kazini?

Mama Dagaa, Kibirizi, Kigoma

Asante kwa mada, kaka. Mimi hununua dagaa wabichi na kuwakausha. Poka tunacheza nyumbani na wifi zangu, na kilichonikaa ni kwamba mtu haweki mtaji wote mezani hata karata ziwe nzuri namna gani.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa mwanga huwavuta karibu na uso wa maji. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazifui dafu na mitumbwi mingi hubaki ufukoni. Kwa hiyo giza likirudi, sote tumekaa siku kadhaa bila mzigo, na kila mtu ana hamu ya kununua kwa wingi. Dagaa walioanikwa asubuhi kwenye chanja hukauka kwa siku moja ya jua kali, lakini mvua ikiwakuta mchana bado wana unyevu, hulainika, hubadilika rangi na kuanza kunuka, na mnunuzi unayempata ni yule wa chakula cha kuku.

Ninakumbuka asubuhi moja ya Novemba ambapo anga lilikuwa jeupe, dagaa walikuwa wakubwa na wasafi, na bei ya beseni ilikuwa imeshuka. Wenzangu walinunua kwa fedha zote walizokuwa nazo na mkopo juu yake. Mimi mtaji wangu nimeugawa mafungu, na kwa asubuhi moja hutumia fungu moja tu, hata nikiona dalili zote ni njema. Saa nane mchana ikashuka mvua kubwa. Fungu langu likapotea, ila kesho yake alfajiri nilirudi ufukoni na fedha mkononi, ilhali wawili kati ya wenzangu hawakuweza kununua tena hadi mwaka mpya. Siwaiti wajinga, kwa maana jua lingewaka wangenizidi faida mara nyingi. Lakini mtu anayefanya kazi hii kila siku atakutana na mvua, na ni lazima awe amebakiwa na kitu siku hiyo. Hata ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, mafungu hayo ndiyo yaliyotulisha.

Mkulima wa Urambo

Ndugu Muuza Asali, umegusa penyewe. Mimi ningependa kuongeza habari ya kulaza karata, kwa sababu huku kwetu kuacha jambo katikati huonekana kama woga.

Tuseme unazo kopa nne, zako na za mezani, na unangoja ya tano katika karata ya mwisho, maana kopa tano ni karata zenye nguvu. Karata ambazo hujaziona ni 46, na kati yake kopa ni 9, yaani uwezekano ni karibu mara 1 katika 5. Ukitakiwa ulipe kete 10 ili ugombee kete 30 zilizopo mezani, jitoe, kwa sababu ukilipa hivyo mara nyingi utafilisika. Mezani pakiwa na kete 60, lipa uendelee. Zingatieni kwamba hesabu hiyo haiulizi wewe mwenyewe umekwisha kuweka ngapi. Zilizokwenda si zako tena.

Mimi na shemeji yangu tulilima tumbaku ya mvuke kwa ubia. Tulikuwa tumekwisha kuhamishia miche shambani na kutia mbolea ya kwanza, mvua ikakatika, na nusu ya shamba iliyo upande wa mwinuko ikadumaa. Shemeji alitaka tununue mbolea nyingine na kuni za bani, yaani banda la kukaushia majani kwa moto, kwa shamba lote, akisema kwamba tumeshatumia fedha nyingi mno kuacha. Nilimwomba tukae tuandike mambo mawili tu: gharama iliyobaki kuanzia siku ile, na fedha ambazo tumbaku ile ingeleta ikiangukia daraja la chini. Upande wa mwinuko haukulipa hata kuni zake. Tukauacha, mbolea iliyokuwepo tukaitia upande wa bondeni, na majani ya huko yakapata daraja zuri sokoni.

Urambo yenyewe inatukumbusha jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga Kongwa, na baadaye ukafika hapa Urambo na Nachingwea. Ardhi ilikuwa ngumu, mashine zilivunjika, mvua hazikutosha, lakini fedha ziliendelea kumwagwa, na mpango ulipoachwa mwaka 1951 zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Tumbaku ilishika nafasi katika ardhi hiyo baada ya karanga kuachwa.

Babu wa Ujiji

Wanangu, nawasalimu. Kwetu sisi Waislamu kamari ni haramu, na nimefurahi kuona mnacheza kwa kete bila fedha. Endeleeni hivyo, kwa maana nimeona nyumba zikivunjika kwa sababu ya karata.

Mimi ni mtu wa bao tangu ujana. Katika bao kila kitu kiko wazi: mashimo 32, kete 64, na wewe na mwenzio mnaona sawasawa. Ukifungwa, umezidiwa hesabu, basi. Nadhani ndiyo maana wazee wengi tumezoea kumlaumu kijana kwa kila hasara, kana kwamba alikuwa akiyaona mashimo yote. Mjukuu wangu aliponieleza mchezo huu ambao ndani yake kuna karata huzioni kabisa, nilielewa kwa nini mwanahisabati John von Neumann, aliyeweka misingi ya nadharia ya michezo mwaka 1928, alivutiwa na poka kuliko sataranji. Biashara ya ziwani ina karata zilizofunikwa. Siku hizi kijana akija na habari ya hasara, kwanza namuuliza alikuwa anajua nini siku ile alipoamua.

Binti Mawese, Mwanga, Kigoma

Shikamoo babu. Mimi nachangia kuhusu zamu. Katika poka anayeamua mwisho ana nafuu kubwa, kwa sababu amekwisha kuona wenzake wamefanya nini. Nikipeleka madumu ya mawese sokoni, sitaji bei mapema. Nasalimia, naweka mzigo kivulini, nasikiliza lori la kwanza linanunua kwa kiasi gani na wenzangu wangapi wamekubali upesi. Wakikubali haraka sana, najua wana shida ya nauli, na bei ile si ya kuiga. Mkwara nao upo, lakini mnunuzi atauamini tu ukilingana na mambo mengine anayoyaona: huwezi kusema una mteja mwingine huku umekaa sokoni tangu juzi.

Wakala wa Stesheni, Tabora

Mimi ninafanya kazi ya uwakala wa fedha za simu, na nina neno moja tu. Mchezaji aliyetoka kupoteza dau kubwa hucheza karata mbovu kwa hasira ili arudishe. Siku ambayo nimepata upungufu, ninafunga kibanda na kuhesabu upya asubuhi, hata kama treni inaingia na wateja wapo.

Muuza Asali, Tabora

Shikamoo babu, na asanteni nyote. Dada wa Kibirizi, naomba uniongezee jambo. Baada ya miezi kadhaa unajuaje kwamba uamuzi wa siku fulani ulikuwa mzuri, ikiwa matokeo yamekwisha kukupotosha kumbukumbu?

Mama Dagaa, Kibirizi, Kigoma

Ninaandika kabla ya kununua, kaka. Daftari langu lina safu nne: hali ya anga alfajiri, bei ya beseni, sababu ya kununua au kuacha, na asubuhi ngapi katika kumi za namna ile ninatarajia zikaushe vizuri. Faida au hasara ninaijaza jioni kwa kalamu ya rangi nyingine, na safu ya sababu siigusi tena. Mwisho wa msimu ninakusanya asubuhi zote nilizoandika nane kwa kumi, nahesabu ni ngapi zilikausha kweli. Msimu wa vuli uliopita zilikuwa chini ya hapo, kwa hiyo msimu huu fungu la Novemba nimelipunguza.