Kadi za damu kavu zinashika unyevu, naomba ushauri

Wakuu, habarini. Kadi za karatasi zenye matone ya damu ya kisigino yaliyokaushwa, za kipimo cha VVU kwa wachanga, zinakuja Dar kwa basi toka Rufiji. Kwenye kituo cha afya zinalazwa zikauke (si kusimamishwa) kwa saa 4 au zaidi, mbali na jua, kisha zinafungwa kwa karatasi ya glasini (nyembamba, laini), mfuko wa zipu, vifuko vya silika (vya kufyonza unyevu) na kiashiria cha unyevu. Masika hii viashiria vinafika vimegeuka kutoka bluu hadi waridi, yaani unyevu umeingia! Doa la damu lenye pete ya majimaji halinisumbui: spiriti ya kusafishia kisigino haikukauka, au kisigino kimekamuliwa mno. Hilo ni la kuelekezana tu. Ila unyevu? Mnakausha usiku kucha, au mnaongeza silika? Silika iliyogeuka rangi mnaikausha upya au mnatupa?