Tupeane uzoefu: mtoto wako alipokutana na ubaya mtandaoni, ni nini kilimfanya akuambie?

Mama wa Umoja

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi mnaolea wadogo zenu, hamjambo. Shule zinafungwa na simu zinarudi mikononi mwa watoto kutwa nzima. Semina za hatari za mtandao wengi tumeshakaa. Ninachotafuta hapa ni stori zenyewe: mtoto alipatwa na nini, alikuambiaje, na mlifanya nini. Naanza na yangu.

Kijana wangu ana miaka 13, yuko Gredi 8. Kama wenzake wote wa ploti, anacheza ule mchezo wa kupigana wenye almasi za kununua. Mtu asiyemjua alianza kumtumia almasi za bure, kisha akaomba namba ili waendelee kwa WhatsApp. Picha yake ilikuwa ya kijana wa shule. Meseji nilizisoma baadaye, na za kwanza hazina neno baya hata moja: unashabikia timu gani, mwalimu yupi mkali. Halafu, "Uko keja peke yako?" (yaani nyumbani). Kesho yake, "Mathe hutoka job saa ngapi?" Kisha hii: "Ni siri yetu, ukisema watakunyang'anya simu." Mwishowe akaomba picha bila shati.

Ile ya kunyang'anywa simu ndiyo nataka mwiangalie. Huyo mtu alishajua watoto wetu wanaogopa nini, na akajificha nyuma ya hofu hiyo. Kijana wangu alinikuta jikoni nikikata sukuma, akaweka simu mezani, akasimama tu. Baadaye nilimuuliza kwa nini aliniletea. Akasema binamu yake aliwahi kusema jambo kama hilo kwao na simu yake hakunyang'anywa.

Hatukufuta kitu, hatukujibu. Tulipiga skrinishoti za mazungumzo yote, namba ikionekana, na jina analotumia kwenye mchezo, tukaandika tarehe, ndipo tukambloku. Nikapiga 116, namba ya Childline Kenya. Aliyepokea alinisikiliza, kisha akaomba aongee na kijana mwenyewe, akaongea naye taratibu mpaka mabega yakashuka. Kesho yake tukaenda dawati la jinsia na watoto kituoni, na hapo tukaelekezwa kitengo cha kulinda watoto cha DCI, idara ya upelelezi ya polisi. Uchunguzi unaendelea, kwa hivyo nikomee hapo.

Baba wa Kayole

Pole, Mama, na kijana apewe pongezi zake. Mimi niseme ya sisi wa chumba kimoja. Kila ushauri unasema simu isiingie chumba cha kulala cha mtoto. Kwangu chumba ndicho sebule, ndicho jikoni. Na simu ni moja, yangu. Nikirudi jioni ndipo binti yangu wa Gredi 5 anaangalia kazi ya shule kwenye grupu la darasa.

Kwetu hakuja mgeni yeyote. Kuna grupu la wenzangu wa steji ambamo watu hutuma video za uchi usiku, na simu ilikuwa inazipakua na kuziweka galari yenyewe, pamoja na picha za daftari la Hesabu. Binti akaniambia, "Baba, simu yako ina watu wabaya." Nilimshukuru. Nikaingia mipangilio ya WhatsApp, nikazima upakuaji wa otomatiki na ile sehemu ya midia kuonekana kwenye galari. Grupu nikatoka. Wababa, angalieni hilo leo, kwa maana wengi wetu simu ya mtoto ni hii hii tuliyoshika.

Mwalimu wa Gredi 7, Eastlands

Asanteni kwa kuanza. Nizungumzie upande wa shule, maana kuna jambo ambalo nadhani linatuponza sisi walimu.

Msichana mmoja wa darasa langu aliteleza akamwagikiwa na uji wakati wa mapumziko. Mtu akampiga picha. Kufika jioni picha ilikuwa stika kwenye grupu ambalo wanafunzi walilifungua wenyewe, lisilo na mwalimu wala mzazi. Kila mtu akiulizwa swali na hajui jibu, anatuma ile stika. Binti akaanza kukosa shule Jumatatu, kisha Jumatatu na Jumanne. Mama yake akadhani ni tumbo.

Wanafunzi zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wanajua, na hakuna aliyesema. Sababu ni rahisi: simu haziruhusiwi shuleni. Kuripoti stika ni kukiri kwamba una simu, au una ya dada yako kwenye begi. Kwa hivyo sheria ileile tuliyoiweka kuwalinda ndiyo iliyowafunga midomo.

Mwalimu mkuu alikubali tubadilishe jambo moja. Simu bado hairuhusiwi, lakini mtoto anayeleta habari kwamba yeye au mwenzake anaumizwa mtandaoni haulizwi simu aliipata wapi. Haulizwi siku hiyo, na haulizwi mwisho wa muhula. Tulilitangaza paredi, tukalirudia kwenye mkutano wa wazazi. Aliyetengeneza stika hakufukuzwa; aliitwa pamoja na mzazi wake, akaifuta mbele yetu, akaambiwa wazi kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya unyanyasaji wa mtandaoni, na kwamba mlindwa hapa ni msichana yule. Aliyeitengeneza mwenyewe ana miaka 12. Sikuona faida ya kumtupa nje.

Tangu hapo wanakuja. Si wengi, lakini wanakuja, na mara nyingi anayekuja ni rafiki wa anayeumizwa.

Mzazi wa Lang'ata

Samahani, nitapingana kidogo. Tunalegeza sana. Mtoto wa Gredi 6 hahitaji simu, basi. Mimi wangu hana na hatapata hadi amalize Gredi 9.

Mwalimu wa Gredi 7, Eastlands

Nakuheshimu kwa msimamo huo, na mitandao mingi yenyewe inasema mtoto awe na miaka 13 ndipo afungue akaunti. Lakini yule msichana wa uji hakuwa na simu kabisa. Simu zilikuwa za wenzake. Wako pia atakutana nayo kwa jirani, kwa binamu, kwenye sayba. Swali langu ni kama siku hiyo anajua anaweza kukuambia.

Dada wa Roysambu

Mimi niongee kama mtoto wa juzi. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona nilikuwa na miaka 16. Kijana niliyekuwa naongea naye usiku aliniomba picha, nikatuma. Baadaye akataka nimtumie pesa kwa simu, la sivyo ataiweka kwenye grupu la watu wa kanisa letu. Sikumwambia mama. Nilimwambia shangazi, kwa sababu tu sijawahi kumsikia akimsema mtoto wa mtu.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Umekula?" Akaniwekea chai. Kisha akasema hatutalipa hata shilingi, maana akipewa leo atarudi kesho. Yule kijana alitisha siku kadhaa tukiwa kimya, tukiwa tumehifadhi kila kitu. Akanyamaza.

Wazazi, mjue siku hizi kuna huduma inaitwa Take It Down, ilianza 2023 na ni ya bure. Ni ya picha za uchi za mtu zilizopigwa akiwa chini ya miaka 18. Simu yako inatengeneza alama ya picha, inayotumwa ni alama, picha yenyewe haitoki kwako. Mitandao iliyojiunga hutumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Mwaka ule haikuwepo, na ningeitumia usiku uleule.

Na tafadhali, msitumiane "ushahidi" kwenye magrupu ya wazazi mkidhani mnaonya wengine. Kusambaza picha chafu ya mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018: faini hadi shilingi milioni 20, kifungo hadi miaka 25, au vyote viwili. Na mtoto anaumia upya kila inapofunguliwa. Ipelekeni polisi, basi.

Mama wa Kangemi

Yangu ni fupi, na inahusu shule yenyewe. Ukurasa wa shule uliweka picha ya binti yangu na tuzo yake: majina yote matatu, gredi, sare, na nyuma yake basi la shule lenye jina la mtaa tunaoshukia. Mtu akitaka kumsubiri hana haja ya kuuliza chochote. Nilienda ofisini nikaomba itolewe, wakatoa, lakini walishangaa kwamba nilikuwa na haki ya kuombwa ruhusa kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa hiyo. Niliwatajia hilo, fomu ya ruhusa ikatoka wiki hiyo hiyo. Kuna kisanduku cha ndiyo na cha hapana, na mimi nimeweka ndiyo kwa picha za darasa zima, bila majina.

Mhudumu wa sayba, Kawangware

Wakubwa, shikamooni. Watoto wa shule wanakuja kwangu kutafuta picha za miradi na kuchapisha. Kompyuta zote nimezigeuza, skrini zinatazama mlango, na kwenye ruta nimeweka DNS (huduma inayotafutia kifaa anwani za tovuti) ya 1.1.1.3, ya bure, inazuia tovuti nyingi za ngono na zile zenye virusi. Kwenye simu ya Android unaenda mipangilio ya DNS ya faragha, unaandika family.cloudflare-dns.com. Ploti zenye waifai ya pamoja, mwambieni aliyewawekea aibadilishe mara moja, nyumba zote zinafaidika. Haizuii mtu mbaya kumwandikia mtoto meseji, hilo ni juu yenu.

Shosho wa Dagoretti

Wanangu, mimi hizo DNS sizijui. Nalea wajukuu watatu, mama yao yuko Saudia kikazi. Jioni kila mmoja ananionyesha kitu kimoja alichokiona kwenye simu siku hiyo, achague mwenyewe. Mara ni vichekesho, mara ni mpira, sielewi nusu yake. Wiki jana yule wa kati hakuchagua vichekesho. Alinionyesha mwanamume anayemwita "mrembo". Ana miaka 11. Nilimwambia amefanya vizuri, tukampigia mama yake. Hiyo 116, mtu hupiga hata kama simu haina kredo?

Mama wa Umoja

Ndiyo, Shosho. Ni bure kabisa, hata saa nane usiku. Na umefanya vyema kutosubiri. Meseji zake msizifute, wala mtoto asimjibu. Piga leo, ukiwa naye karibu, wamsikie yeye pia. Ukitaka mtu wa kwenda nawe kituoni, niandikie kando, Alhamisi sina zamu.

Mhudumu wa sayba, Kawangware

Shosho, Dagoretti na hapa kwangu ni karibu. Njoo na simu na wajukuu Jumamosi asubuhi, kabla foleni ya kuchapisha haijaanza. Nitaweka yote, na zile skrinishoti nitakuchapishia uende nazo. Hulipi kitu.