Mota ya 315 kW ya feni ya boila inavuma kwa kupanda na kushuka: beringi au rota?

mvuke_zamuB
Wakuu, habari za kazi. Mota ya feni ya kuvuta moshi wa boila imeanza sauti tusiyoielewa. Kibati kinasema 315 kW, 400 V, 50 Hz, mizunguko 1485 kwa dakika, fremu 315. Rota, sehemu inayozunguka, ni ya aluminiamu ya kumimina. Imeunganishwa na feni kwa kaplingi, hakuna belti, na inawashwa kwa sta-delta. Sauti ni mvumo: vuuu, unafifia, halafu vuuu tena, karibu kila sekunde. Joto la beringi ni 62 upande wa kaplingi na 55 upande wa pili, halijabadilika. Fundi wa zamu anataka Jumapili tushushe mota tubadilishe beringi zote mbili. Tuendelee?

GrisiKwanza
Msishushe kitu kabla ya kujua mara ya mwisho iliwekwa grisi lini na kiasi gani. Fremu hiyo mara nyingi hubeba beringi namba 6319 C3 upande wa kaplingi na 6316 C3 upande wa feni ya kupozea, lakini hakikisha kwenye kibati. Kipimo cha grisi: kipenyo cha nje cha beringi mara upana wake, kwa milimita, mara 0.005, unapata gramu. Kwa 6319 ni 200 × 45 × 0.005 = gramu 45. Kwa 6316 ni kama 33. Pima bomba lako la grisi kwanza, piga mara 10 juu ya mizani ugawanye. Wengi wanahesabu "pampu kumi" bila kujua pampu moja ni gramu moja au tatu. Fungua tundu la kutokea grisi chakavu, weka polepole mota ikizunguka, na liache wazi saa moja au mbili. Grisi ya poliurea usiichanganye na ya lithiamu.

Sauti ikitulia kwa saa chache kisha ikarudi, beringi imeshachubuka. Isipobadilika kabisa, huenda beringi haihusiki.

koili_na_rota
Hesabu ya grisi iko sawa, ila kwa maelezo haya nisingeanzia hapo. Beringi iliyochoka hukwaruza, hupiga mluzi au hulia kama kokoto kwenye kopo, na ukiegemeza bisibisi ndefu kwenye kifuniko chake sauti inakuwa kali upande mmoja. Mvumo unaopumua kila sekunde ni jambo lingine.

Fanya vitu vitatu, hakuna hata kimoja kinachohitaji spana.

Cha kwanza, mota ikiwa na mzigo, izimwe huku mtu anasikiliza. Mvumo ukikatika papo hapo kontakta inapoachia, chanzo ni umeme na sumaku. Ukiendelea na kushuka taratibu pamoja na mwendo, chanzo ni beringi, kaplingi au feni. Tumia nafasi ya kuzima iliyokwishapangwa, usiizime na kuiwasha kwa ajili ya jaribio tu. Sababu nitaisema chini.

Cha pili, tazama ampea kwenye fezi zote tatu. Mita ya mshale ni nzuri kuliko ya tarakimu, kwa sababu unaona mshale ukicheza. Ukicheza sambamba na mvumo, hiyo ni alama.

Cha tatu, hesabu mvumo kwa dakika nzima, kisha pima mwendo wa shafti. Chukua mizunguko ambayo rota inabaki nyuma ya sumaku ya stata (sehemu isiyozunguka), yaani slipu, uizidishe kwa idadi ya poli, yaani ncha za sumaku. Mota yako ni poli 4. Ikizunguka 1485 wakati sumaku inazunguka 1500, slipu ni 15, na baa ya rota iliyokatika (moja ya fito zinazobeba mkondo ndani ya rota) itatoa mivumo 60 kwa dakika. Idadi ikilingana na hesabu, rota ndiyo mshukiwa. Beringi haina namna ya kujua slipu ya mota.

mvuke_zamuB
Asante mkuu. Boila moja ilizimwa jana kwa usafi, tukapata nafasi. Mvumo ulikatika mara moja. Kabla ya hapo ampea zilikuwa zinacheza kati ya 465 na 490 fezi zote, pamoja na sauti. Ila hesabu haikubali: tulihesabu mivumo 52 kwa dakika, takometa ikasoma 1481. 1500 kutoa 1481 ni 19, mara 4 ni 76. Tumekosea wapi?

koili_na_rota
Mnazalisha umeme wenyewe au mko kwenye gridi?

mvuke_zamuB
Wenyewe, kwa tabo ya mvuke. Nimetazama rekodi ya chumba cha umeme, saa ile frikwensi ilikuwa 49.8.

koili_na_rota
Hapo ndipo kosa lilipo. Kwa poli 4, mwendo wa sumaku ni frikwensi mara 30. 49.8 × 30 = 1494, si 1500. Slipu ni 13. 13 × 4 = 52. Imelingana kabisa.

Mpima_mtikisiko
Kabla hamjaihukumu rota, ondoeni washukiwa wawili wanaoiga sauti hiyo hiyo. Mota mbili kwenye jukwaa moja, zikipishana mwendo kidogo, hutoa mvumo wa kupanda na kushuka hata kama zote ni nzima. Zima jirani usikilize. Mwingine ni mzigo wenyewe: dampa (kilango cha hewa ya feni) inayochezacheza inasukuma ampea juu na chini, ila haitafuata slipu.

Kisha funga dampa kidogo kidogo. Mzigo ukipungua, slipu inapungua, na mvumo wa rota lazima upunguze mwendo na nguvu pia. Ndiyo maana kupima rota bila mzigo ni kujidanganya, inatoka "nzima" kila mara.

Kama mna kifaa cha kuchambua mkondo, tazameni pembeni ya 49.8. Kwa slipu yenu mtaona vilima viwili karibu na 48.9 na 50.7. Kilima cha chini kikiwa pungufu ya kile kikubwa cha 49.8 kwa zaidi ya desibeli 54, lala usingizi. Tofauti ikikaribia 45, panga matengenezo. Chini ya 40, agiza rota. Ila rota iliyokaa kando ya katikati nayo huleta vilima, kwa hiyo mkifungua pimeni nafasi kati ya rota na stata kwa fila geji (vibamba vya kupimia mwanya) sehemu nne, pande zote mbili. Tofauti isizidi asilimia 10 ya wastani.

mvuke_zamuB
Jirani tumezima, mvumo umebaki. Dampa ikifungwa nusu, mivumo inakuwa 30 hivi na sauti inakaribia kupotea. Inaweza kuendelea mpaka msimu wa kusaga miwa uishe?

koili_na_rota
Tarehe hakuna atakayekupa. Baa moja ikikatika, mkondo wake unahamia kwa jirani zake, nazo zinachemka zaidi, hasa wakati wa kuwasha. Feni nzito inachukua muda mrefu kupata mwendo, na muda huo wote rota inapikwa. Kwa hiyo washeni dampa ikiwa imefungwa kabisa, na msiwashe zaidi ya mara 2 mfululizo mota ikiwa baridi au mara 1 ikiwa ya moto. Hatari kubwa ni kipande cha aluminiamu kuruka na kukata koili, hapo mtalipa rota na kusuka stata pia.

Siku ya kuifungua, kabla rota haijatolewa, peleka volti 40 hadi 50 za AC kwenye terminali mbili, ya tatu ikae wazi. Zungusha shafti kwa mkono taratibu na utazame ampea. Zikipanda na kushuka kwa zaidi ya asilimia 3, kuna baa iliyokatika. Mota hii itavuta zaidi ya ampea 250 hata kwa volti hizo, kwa hiyo transfoma iwe na uwezo na jaribio liwe la dakika chache. Msitumie mashine ya kuchomelea: imetengenezwa ili ampea zisiyumbe, na nyie mnatafuta huko kuyumba.

Rota ya kumimina haichomelewi. Ingekuwa ya baa za shaba, karakana nzuri ingezitoa na kuweka mpya.

GrisiKwanza
Mimi narudisha maneno, beringi zibaki. Ila mkiitoa rota, zivueni kwa pula mkazitupe, msirudishe zile zile.