Baruapepe inayojiita ya benki: nitazame wapi?

BintiLangoni, Lamu
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Lamu. Tumepokea baruapepe yenye nembo ya benki yetu, iliyoandikwa kwa Kiingereza kisicho na kosa, ikidai kwamba akaunti itafungwa baada ya saa 24 tusipobonyeza kiungo na kuhakiki taarifa zetu. Fedha hizo ni amana ya watu. Nitajuaje kama barua hiyo ni ya kweli?

MkaziWaMalindi
Waalaikumu salaam, dada. Nembo hunakiliwa, na jina la mtumaji kila mtu hujiandikia apendavyo. Gusa jina hilo ili anwani kamili ijitokeze, kisha uisome kuanzia mwisho, kwa kuwa mwenye anwani hutambulika kwa sehemu ya mwisho wala si ya mwanzo. Anwani kama benkiyako.co.ke.hakiki-akaunti.com ni mali ya aliyesajili hakiki-akaunti.com, naye ametanguliza jina la benki ili jicho liishie hapo. Alama ya kufuli kwenye tovuti nayo haitoshi, maana inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na matapeli pia huipata.

MzeeWaKaunta
Haya ni sahihi, ila naongeza, mwanangu, kwamba hata anwani ya mtumaji yaweza kughushiwa ikaonekana ile ile ya benki. Kwa hiyo usiingie kwenye akaunti kupitia kiungo wala kiambatisho cha barua yoyote, hata ukiiamini. Andika mwenyewe anwani ya benki, piga namba iliyo nyuma ya kadi, au nenda tawini ukaulize. Benki haina haja ya kukuuliza namba yako ya siri, wala ule msimbo wa mara moja unaotumwa kwenye simu. Anayeuomba anataka kutoa fedha wakati huo huo.

BintiLangoni, Lamu
Ahsanteni sana. Je, kama katibu wetu ameshajaza?

MkaziWaMalindi
Basi asingoje kesho. Aipigie benki sasa hivi izuie miamala, abadilishe nywila kupitia tovuti halisi, na kama aliitumia nywila hiyo kwingine, aibadilishe huko pia. Msiifute barua, kwani ni ushahidi: kifungu cha 30 cha sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 kinautaja ulaghai huu kuwa kosa la jinai. Ripotini polisi, na kwa KE-CIRT pia, kituo cha taifa cha Kenya kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mtandao.