MJADALA: "Tuige Norwei" ni hoja au ni wimbo tu?

Mchokonozi
Wakuu, kila ikitajwa gesi ya Lindi lazima atokee mtu wa kutuambia tuige Norwei. Mimi nasema haiigiki. Ni watu milioni tano na nusu hivi, hawafikii hata Dar na Pwani ukizijumlisha, halafu wamekalia mafuta. Midomo michache, sufuria kubwa. Nani asingeonekana ana akili? Mwenye kubisha aje na hoja.

Tarakimu
Libya nayo midomo yake si mingi, na sufuria lao unalijua. Guinea ya Ikweta hawafiki hata milioni mbili. Kwa hiyo hapo umekurupuka, mkuu.

Angalia mpangilio wa miaka. 1962 kampuni ya Phillips iliwafuata ikiahidi dola 160,000 kwa mwezi ipewe bahari itafute mafuta. Wakakataa. 1963 wakatangaza kwamba kilicho chini ya bahari yao ni mali ya serikali, 1965 wakatoa leseni za kwanza kwa vitalu. Ekofisk, eneo lao kubwa la mafuta baharini, ikagunduliwa mwishoni mwa 1969. Yaani mafuta yalifika yakakuta sheria imeshakaa mezani inayasubiri.

1972 wakagawa kazi mara tatu: wizara itunge sera, kurugenzi ya mafuta pale Stavanger isimamie na kutunza takwimu za visima, Statoil, kampuni ya mafuta ya serikali, ifanye biashara. Refa hachezi, mchezaji hapulizi filimbi. Kwingine shirika moja linafanya yote matatu, ndipo hesabu zinapoanza kupotea.

Mchokonozi
Na huyo aliyewashauri si alikuwa Mwarabu? Nakumbuka niliwahi kusoma. Kwa hiyo hata akili yenyewe waliagiza.

Tarakimu
Farouk al-Kasim, mwanajiolojia wa Basra, Iraq. Alifika Oslo 1968 na mkewe Mnorwei, akaenda wizarani kuulizia kampuni za mafuta apate kazi. Kule wizarani mafuta yalikuwa yanashughulikiwa na watu wachache mno, nao uzoefu wao ulikuwa mdogo. Wakamwajiri wao wenyewe. Kuagiza akili si aibu. Aibu ni kuwa nayo ndani ya nyumba ukaipeleka masjala ikapange mafaili.

Kisiki
Tarakimu umeanzia katikati. Kabla ya mafuta kulikuwa na maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 wageni walimiminika kununua maporomoko ili wazalishe umeme wa viwanda. Sheria ya 1909 ikasema: jenga, zalisha, faidi, lakini baada ya miaka 60 hadi 80 bwawa, mahandaki na mitambo vinarudi serikalini bila fidia. Wanaita *hjemfall*, yaani mali kurudi nyumbani. Hadi leo karibu asilimia 90 ya umeme wao ni wa maji, na mabwawa mengi ni ya serikali kuu, manispaa na majimbo. Wabunge wa miaka ya 60 hawakubuni kitu. Waliichukua desturi ya maporomoko wakaishusha baharini.

Bint Sururu
Mnazungusha. Siri ni kodi. Kampuni ya mafuta inalipa asilimia 78. Weka 78 hapa kwetu uone kama hujaona miujiza.

Tarakimu
Dada, ukiweka 78 peke yake utaona vumbi la mwekezaji anavyoondoka. Hiyo 78 ni ya faida, na gharama zinakatwa kwanza. Kampuni ikitumia kroni 100 (kroni ni hela yao) kuchimba kisima kikatoka kikavu, kama 78 zinarudi kwake kupitia hesabu za kodi. Serikali inakula nayo faida na inakula nayo hasara kwa kipimo kilekile, ndiyo maana hawakimbii. Ila mfumo huo unahitaji wakaguzi wanaojua bei halisi ya mtambo wa kuchimbia kwa siku, la sivyo utaletewa risiti za ajabu na utazilipa wewe asilimia 78.

Bint Sururu
"Vumbi la mwekezaji." Sawa. Lakini hujajibu kwa nini Mnorwei wa kawaida anagawiwa hela ya mafuta kila mwaka na sisi hatupati kitu.

Kisiki
Hagawiwi! Huko ni Alaska, Marekani. Mnorwei hapokei hata senti moja mkononi. Anakatwa VAT ya asilimia 25, kwenye chakula 15, na mshahara nao unakatwa vizuri tu.

Hela ya mafuta inakwenda kwenye Mfuko. Sheria yake ni ya 1990, fedha za kwanza ziliingia 1996. Benki kuu ndiyo inayousimamia na hairuhusiwi kuwekeza ndani ya Norwei. Zote zinakwenda nje: hisa, hati fungani, majengo, kidogo nishati. Mwisho wa 2024 zilikuwa zaidi ya kroni trilioni 19, na zaidi ya nusu ni faida ya uwekezaji, si mafuta. Bajeti inaruhusiwa kuchota kwa wastani kile tu kinachotarajiwa kuzaliwa: asilimia 4 kwa kanuni ya 2001, ikashushwa 3 mwaka 2017. Shina haliguswi.

Kwa nini nje? Kwa sababu ukizimwaga ndani sarafu inapanda, mishahara inapanda, mvuvi na mwenye kiwanda wanashindwa kuuza nje. Waholanzi iliwapata kwa gesi yao, ugonjwa ukapewa jina lao. Na bado haizuii maumivu: 2022 Mfuko ulipoteza kroni trilioni 1.6 hivi kwa mwaka mmoja. Serikali gani huku ingesalimika na kichwa cha habari cha namna hiyo?

Nahodha wa Nchi Kavu
Wanavumilia kwa sababu kule hakuna siri. Hata mshahara wa jirani yako unauona mtandaoni.

Bint Sururu
Ati nini?

Nahodha wa Nchi Kavu
Ndiyo hivyo. Orodha ya kodi iko wazi kwa umma.

Mchokonozi
Hapo sasa! Hilo ndilo mnataka tuige? Mjomba ajue unapata ngapi? Shemeji? Wiki haiishi utakuwa unasomesha ukoo mzima.

Bint Sururu
Na majambazi wachapishiwe orodha kabisa, wasihangaike.

Kisiki
Nahodha, ukisema useme lote. Mshahara hauonekani. Yanaonekana mambo matatu: kipato baada ya makato yanayoruhusiwa, utajiri baada ya madeni, na kodi iliyotozwa. Unaingia kwa kitambulisho chako cha kielektroniki, unaandika jina. Na tangu 2014 uliyemchungulia anaona kwamba ni wewe. Uchunguliaji ulishuka sana baada ya hapo, nadhani mnaelewa kwa nini.

Nahodha wa Nchi Kavu
Kipato, mshahara, tofauti ni ya wahasibu. Mtu akiandikiwa utajiri sifuri tunajua ni kapuku.

Kisiki
Ndipo wengi wanapojikwaa. Nyumba unayoishi inahesabiwa robo tu ya bei ya soko, lakini deni la benki linakatwa lote. Chukua nyumba ya kroni milioni 6 yenye mkopo wa milioni 3. Orodha itaiona nyumba kama milioni 1.5, itoe 3, ibaki hasi, iandike sifuri. Huyo kapuku wako ana milioni 3 zake ukutani.

Bint Sururu
Kumbe na wao wana ujanja.

Tarakimu
Si ujanja, ni sheria, na wanaigombania kila uchaguzi. Kodi ya utajiri ni kama asilimia 1 ya kinachozidi kroni milioni 1.7 (kiwango cha 2024). Ilipopandishwa 2022 matajiri kadhaa wakahamia Uswisi. Upande mmoja unasema mwenye kiwanda anatozwa kodi hata mwaka wa hasara, inabidi ajilipe gawio ili apate ya kulipa. Upande wa pili unasema bila kodi hiyo wapo matajiri ambao wasingelipa karibu chochote, maana faida wanaiacha ndani ya kampuni. Wote wawili wana ukweli.

Mchokonozi
Nashukuru. Kwa hiyo mmekubali kwamba bila watu wachache mfumo huo usingewezekana.

Tarakimu
Nani kakubali? Uchache wenyewe umeanza kuwauma. Uzazi ulikuwa watoto 1.44 kwa mwanamke mwaka 2024, na hiyo ni baada ya kupanda kidogo kutoka 1.40. Wazazi wanalipwa likizo ya wiki 49 kwa malipo kamili, wiki 15 zikiwa za baba peke yake, asipozichukua zinapotea. Na bado watoto hawaji. Idadi ya watu inakua zaidi kwa wahamiaji. Mfuko unaitwa wa pensheni kwa sababu hiyo: wazee wanaongezeka, walipa kodi hawaongezeki kwa kasi hiyo.

Mchokonozi
Mimi sikusema haiigiki kabisa. Nilisema haiigiki kwa kukurupuka. Someni post ya kwanza.

Kisiki
Tumeisoma. Imeandikwa "haiigiki", nukta.

Tarakimu
Na kwa karatasi tumeshaiga. Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya 2015 ilianzisha mfuko hapa Tanzania. Statoil yenyewe, siku hizi Equinor, iligundua gesi Kitalu namba 2 mwaka 2012, na zaidi ya miaka kumi baadaye ilikuwa bado inajadiliana na serikali juu ya mtambo wa kusindika gesi wa Lindi. Tuna kibubu, hatuna sarafu ya kutumbukiza.

Bint Sururu
Narudi nyuma kidogo. Huyo uliyemchungulia anaona jina lako kamili au anaambiwa tu kuna mtu?

Kisiki
Jina lako.

Bint Sururu
Basi, sina swali.