Sokwe wa Gombe, ziwa kununa... kumpa mnyama au kitu tabia za mtu ni kosa?

MtuWaKibirizi
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, kuliwaka, mzee mmoja mvuvi kasema leo ziwa limenuna hatoki, mwalimu mmoja akamrukia eti maji hayana moyo wa kununa ni upepo tu, wengine wakaingia mpaka kwa sokwe wa hifadhi ya Gombe maana nao wana majina, Flo sijui Fifi, mwalimu akasema huo nao ni upotoshaji. Kwani kuna ubaya gani? Wenye kujua tafadhali

DagaaMkavu
Mwambie mwalimu hiyo kesi ilishasikilizwa zamani. Mtafiti Jane Goodall kafika Gombe 1960 hana hata digrii, akawapa majina, alivyoenda kusoma Cambridge wakamsema eti angewapa namba na asitaje hisia za mnyama. Sasa huyo huyo David Greybeard mwenye jina ndo alionekana anachokoa mchwa kwenye kichuguu kwa bua la nyasi, wakati wasomi walikuwa wanasema zana ni za binadamu tu. Flo alivyokufa 1972 mwanae Flint, dume la miaka kama minane ila bado la mama, likaacha kula likajikunyata, wiki chache na lenyewe likafa. Hapo utaandika nini, "namba 12 kapunguza kula"??

KiongoziWageni
@DagaaMkavu sawa, ila mi nishasindikiza wageni kule, ubaya upo. Mtu anaona sokwe kakenua meno yote juu na chini anasema jamani ananichekea, kumbe lile ni woga, akicheza kweli mdomo unakuwa wazi na meno ya juu yamefunikwa. Halafu mwaka 2002 dume anaitwa Frodo alimnyakua mtoto mdogo wa binadamu kutoka kwa aliyembeba akamuua. Ukisema muuaji unamfanya kama ana kesi ya kujibu mahakamani, wakati sokwe wanawinda mbega na watoto wa nyani kila siku, kwake ilikuwa nyama. Inauma ila ndo hivyo. Mzee akisema limenuna anabaki nchi kavu mzima, mgeni akisema ananichekea anasogea, hapo ndo mi naona tofauti

UstadhUjiji
Kwenye miungu ndo balaa zaidi. Mgiriki Xenophanes, kama miaka 2500 iliyopita, alisema ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono wangechora miungu yenye sura ya ng'ombe na farasi. Sisi Waislamu aya iko wazi, Ash-Shura 11, hakuna chochote mfano wake, ila Qur'ani hiyo hiyo inataja mkono wa Mwenyezi Mungu na maulamaa wamejadili karne na karne, wengine wanapokea bila kuuliza vipi, wengine wanasema maana yake ni uwezo.

Mgebuka_Choma
Na meli yetu ya Liemba je? Wajerumani wenyewe walimzamisha 1916, akaopolewa 1924, 1927 huyo kazini tena 😂 bibi yangu anasema yule mzee kagoma kufa, nenda kambishie

MtuWaKibirizi
Nimeprinti comment ya KiongoziWageni kesho naipeleka kijiweni

DagaaMkavu
@KiongoziWageni hiyo ya meno nimeikubali. Kwa Flint sirudi nyuma lakini

Mgebuka_Choma
Kiongozi, boti ya kwenda Gombe kwa sisi wazawa siku hizi sh ngapi?