"Kuwayawaya": nikubali ligeuzwe kuwa "kuyumba"?

BintiMkoani: Wadau, salaam. Kwenye hadithi yangu fupi yumo mwanamke anayetoka kisimani na mtungi kichwani, njia yenyewe mchanga mtupu. Nikaandika: "Akaja akiwayawaya, maji yakimrukia mabegani." Mhariri kalifuta, kaweka "akiyumbayumba", ati wasomaji wa bara hawatalielewa. Bibi yangu mzaa mama, Mpemba, mtu aliyeelemewa na mzigo hamsemei neno jingine. Nyinyi mnalitumiaje? Niling'ang'anie?

Nahodha_Mstaafu: Ling'ang'anie, mwanangu. Mimi nimekulia majahazini. Wimbi likikipiga chombo ubavuni kikalalia huku na kule, hicho chayumba, chaenda mrama. Kuwayawaya nimekuzoea kwa kitu kilichobebeshwa: tawi la mwembe lililosheheni, foromali (mti unaofungiwa tanga) tanga likijaa upepo, mtu na gunia lake. Kinapinda, kinarudi, lakini hakijaanguka. Miguu ya huyo mwanamke wako ni mizima, kinachomsukasuka ni mtungi. Mlevi hawayawayi, mlevi hupepesuka. Hata mwenye homa au njaa hupepesuka, kwa sababu kizunguzungu kiko kichwani mwake mwenyewe. Mzee hujikongoja, ndiyo maana fimbo yake ikaitwa mkongojo. Aliyechomwa na mwiba huchechemea. Yote hayo ukiyaita kuyumba, msomaji hatajua nani kabeba nini.

Mgogo_wa_Mjini: Huku Dodoma mimi nasema kuyumba kwa vyote: mlevi anayumba, basi linayumba, uchumi unayumba. Kuwayawaya sijawahi kulitamka. Ila dada, sentensi yako nimeielewa bila kufungua kamusi. Mtungi na mchanga vimeshanieleza.

Mwl_Kiswahili: Naunga mkono. Kuyumba husimama peke yake, ukitaka unalirudia: kuyumbayumba. Hili jingine sijasikia mtu akisema "amewaya". Linakuja likiwa limerudiwa tayari, na kule kurudiwa ndiko kunakoonyesha mwendo. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, hakuna aliyeamuru Wapemba, Wamvita na Waamu waache maneno yao. Wahariri wetu wanapaswa kulikumbuka hilo. Neno likifutwa kila linapoandikwa, wa bara atalijulia wapi?

BintiMkoani: Ahsanteni sana, na shikamoo Nahodha. Nimemwandikia mhariri leo, nikamwekea na maneno ya ndugu yetu wa Dodoma, kwa kuwa yeye ndiye msomaji anayehofiwa. Neno linabaki. Nimebadilisha mpangilio tu, mzigo uonekane kwanza: "Mtungi ulijaa hadi mdomoni. Akaja nao akiwayawaya mchangani, maji yakimrukia mabegani." Mhariri akikataa tena, nitaomba anieleze ni neno gani jingine linalombebesha mtu mtungi bila kumlewesha.

Nahodha_Mstaafu: Marahaba. Hiyo ya pili ni bora kuliko ya kwanza.